Picha za wadudu wadogo: dalili, chanzo na tiba

Wanaopiga picha za wadudu kwa karibu hulalamikia mambo yaleyale: picha ina ukungu, jicho tu ndilo linaonekana, nyuma kumekuwa giza totoro, mgongo wa mbawakawa umechomwa na doa jeupe, na kabla hata hujabonyeza kitufe mdudu kashapaa. Karibu kila mmoja huanza kwa kuishuku lenzi, ilhali lenzi ndiyo yenye kosa mara chache kuliko kitu kingine chochote ulichoshika. Kwa hiyo hapa lenzi inakuja mwisho, na tunaanza na yale yasiyogharimu kitu.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, fungua picha mbovu kwenye skrini kubwa, ikuze hadi asilimia 100, uipitie yote polepole, pamoja na jani alilokalia mdudu. Unatafuta mahali penye ukali, na majibu ni matatu. Kama pako, ila si pale ulipotaka (vinyweleo vya mguu viko wazi, jicho limefifia), fokasi iliangukia pasipo pake. Kama hapako popote na vidoa vya mwanga vimevutika kuwa vistari vya upande mmoja, ni mtikisiko. Kama hapako na wala hakuna vistari, kila kitu kimelegea kwa usawa, basi shuku tundu la lenzi (mlango unaopitisha mwanga) lililobanwa mno au kioo kichafu. Asiyefanya kipimo hiki atatibu malaria kwa dawa ya minyoo.

Tukubaliane pia juu ya kipimo cha ukubwa. Ukuzaji wa 1:1 maana yake mdudu wa milimita 5 anachukua milimita 5 za kihisi cha kamera, yaani kibamba kinachopokea taswira. Ukuzaji wa 2:1 maana yake anachukua milimita 10. Takwimu zote hapa chini ni za kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24.

"Picha nzima ina ukungu"

Chanzo cha kwanza, na kinawaacha vingine mbali, ni mkono. Kwa ukuzaji wa 1:1, kamera ikisogea pembeni kwa sehemu ya kumi ya milimita, taswira nayo inasogea kiasi hichohicho juu ya kihisi. Kwenye kihisi kikubwa cha megapikseli 24, hiyo ni karibu pikseli 17. Ile kanuni ya kuoanisha kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka na kufunga) na urefu wa lenzi (lenzi ya milimita 100, kasi ya 1/100 ya sekunde) ilitungwa kwa ajili ya vitu vilivyo mbali, hapa haikusaidii. Kwa mwanga wa jua peke yake usishuke chini ya 1/250, na ukiweza kupanda zaidi, panda.

Jaribio lake ni rahisi: piga kijiti kilichochomekwa ardhini, mahali pasipo upepo, kwa mpangilio uleule. Kijiti kikitoka kikali na mdudu hatoki, anayetikisika ni mdudu au tawi lake. Kijiti nacho kikitoka na ukungu, ni wewe. Kaa chini, egemeza viwiko magotini au kifuani, kisha shika shina la mmea kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto na ulaze lenzi juu ya mkono huohuo. Sasa mdudu na lenzi vinatikisika pamoja, na kinachotikisika pamoja hakionekani kutikisika. Mbinu hii hupunguza hata balaa la upepo, ambao ndio chanzo cha pili. Stendi ya miguu mitatu inafaa kwa uyoga na kwa mdudu aliyelala. Kwa sisimizi anayetembea, utakuwa bado unafungua miguu yake wakati yeye keshafika shimoni.

Tiba ya uhakika zaidi ni flashi. Flashi nyingi za kupachika juu ya kamera, zikiwekwa kwenye nguvu ndogo ya 1/32, huwaka kwa muda wa karibu 1/10,000 ya sekunde au chini ya hapo, na muda huo hautoshi mkono kusogea. Masharti ni mawili: flashi iwe ndiyo mwanga mkuu, na nguvu iwe ndogo kweli. Flashi inayofyatuliwa kwa nguvu zote huwaka kwa muda mrefu zaidi, na hapo ule ukungu unaweza kurudi.

Cha tatu ni tundu lililobanwa mno. Hilo nalieleza kwenye sehemu inayofuata kwa sababu lina hesabu yake. Cha nne ni uchafu: alama ya kidole kwenye kioo cha mbele, mvuke wa pumzi, kichujio rahisi kilichofungwa kulinda lenzi. Vua kichujio, piga tena, linganisha. Futa kioo kwa kitambaa laini cha lenzi baada ya kupuliza vumbi, kamwe si kwa ncha ya shati.

Ukiwa umepita kote huko na ukungu haujaondoka, ndipo uigeukie lenzi. Bandika ukurasa wa maandishi madogo ukutani, weka kamera sambamba nao juu ya kitu kigumu, tundu f/5.6 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), ufyatue kwa kipima muda. Upande mmoja wa ukurasa ukififia kila mara na mwingine uko safi, kuna kioo kilichohama ndani ya lenzi. Simama hapo. Usifungue skrubu hata moja. Vioo hivyo hupangwa kwa vifaa maalumu vya kupimia, na lenzi iliyofunguliwa nyumbani humpa fundi kazi mara mbili.

"Jicho liko wazi, mwili wote umezama"

Hii si hitilafu ya chombo, ni fizikia, lakini ndiyo inayoulizwa kuliko zote, na tiba zake zinatofautiana sana kwa ubora.

Angalia namba kwanza. Kwa ukuzaji wa 1:1, tundu likiwa f/2.8, unene wa eneo linaloonekana wazi ni karibu milimita 0.34. Kwa f/8 ni karibu milimita 1. Kwa f/16 ni karibu 1.9. Panda hadi 2:1 ukiwa f/8, unabaki na milimita 0.36 tu. Nzi mwenye kichwa cha milimita 2 hawezi kuenea humo, hata ungekuwa na lenzi ya thamani kiasi gani.

Kwa hiyo kinachobadilika kwanza ni pembe unayopigia. Wazia karatasi nyembamba iliyosimama sambamba na mgongo wa kamera: chochote kinachogusa karatasi hiyo kitakuwa wazi. Kerengende akipigwa kutoka ubavuni, mwili wake mrefu unalala wote ndani ya karatasi. Akipigwa kutoka mbele kwa mshazari, karatasi inapita jichoni pake na kutokea hewani. Kusogeza kamera nyuzi kumi kushoto mara nyingi kunaleta faida kubwa kuliko kubana tundu hatua mbili, tena bila kupoteza mwanga.

Pili ndipo ubane tundu, na hapa wengi hupitiliza. Kadiri unavyokaribia, namba ya f iliyoandikwa kwenye skrini inazidi kuachana na ile inayofanya kazi kweli. Makadirio yake: zidisha namba ya f kwa moja jumlisha ukuzaji. Ukiwa f/16 kwa 1:1, kiutendaji uko f/32. Ukiwa f/16 kwa 2:1, uko f/48. Mwanga unapopita kwenye tundu dogo hivyo hutawanyika kwenye kingo, na kila nukta kali inageuka kuwa kiduara. Hapo ndipo unapata picha ambayo kila kitu "kiko ndani ya fokasi" na hakuna kilicho kikali. Mimi huanzia f/8 hadi f/11 kwa 1:1, na f/5.6 hadi f/8 kwa 2:1. Zaidi ya hapo sibani isipokuwa picha itatumika ikiwa ndogo, kwani kwenye skrini ya simu hakuna atakayeona tofauti.

Hesabu hiyohiyo inajibu lalamiko jingine: "Lenzi yangu ni f/2.8, mbona nikikaribia inaandika f/4.8?" Kamera za Nikon zikiwa na lenzi zake za makro (za kupigia kwa karibu) huonyesha namba ya kiutendaji. Za Canon huendelea kuonyesha ile ya kawaida, ingawa mwanga unapotea vilevile. Lenzi yako ni nzima.

Tatu, rudi nyuma kidogo. Piga kwa ukuzaji mdogo, halafu kata pembeni kwenye kompyuta. Kihisi cha megapikseli nyingi kinakuruhusu kufanya hivyo bila aibu, na eneo la wazi linanenepa haraka kila unaposhusha ukuzaji.

Njia ya nne, nzito kuliko zote, ni kuunganisha picha nyingi za fokasi tofauti. Ina magonjwa yake, na nimeyapa nafasi yao huko mbele.

"Fokasi inahangaika mbele na nyuma haitulii"

Izime. Kwa ukuzaji unaozidi nusu ya 1:1, fokasi ya kujiendesha inashindana na kupumua kwako, na wewe unasogea kuliko inavyoweza kufuata. Weka fokasi ya mkono, chagua ukuzaji unaoutaka, kisha usiguse tena pete. Sogeza mwili wako wote mbele na nyuma taratibu hadi jicho liwe kali, na ufyatue picha tatu au nne mfululizo ukipita hapo. Nyingi zitakwenda na maji. Moja inatosha.

Kama unataka fokasi ya kujiendesha kwa wadudu wakubwa kidogo, kagua kwanza swichi ya ubavuni mwa lenzi inayobana masafa. Ikiwa imewekwa kwenye nusu mita hadi mbali kabisa, lenzi imekatazwa kuangalia karibu, na haitaona mdudu hadi kesho. Kisha uhakikishe hujakaribia kupita kiasi: lenzi ya makro ya milimita 100, ikiwa kwenye 1:1, huacha nafasi ya sentimita 13 hadi 15 kati ya kioo cha mbele na mdudu. Baada ya hapo chunguza giza na rangi zisizotofautiana, kama vidukari wa kijani juu ya shina la kijani.

Wanaotumia mirija ya kurefusha lenzi wana tatizo lao: hawaoni chochote kabisa, ukungu mtupu. Mrija wa milimita 36 nyuma ya lenzi ya milimita 50 huongeza ukuzaji wa 0.72 (gawanya mrija kwa urefu wa lenzi), lakini unafuta uwezo wa kuona mbali. Fokasi inabaki kwenye masafa finyu sana. Usizungushe pete, sogea mbele hadi karibu ugonge, kisha rudi polepole hadi kitu kitokeze. Ukifunga mrija huo kwenye lenzi pana ya milimita 24, mahali pa fokasi panaweza kuangukia usoni pa kioo chenyewe au ndani yake, na hapo hakuna la kufanya ila kubadilisha lenzi. Mirija isiyo na vikonyo vya umeme huifanya kamera iamini kwamba haina lenzi. Ikikataa kufyatua, tafuta kwenye menyu ruhusa ya kupiga bila lenzi.

"Mdudu yuko sawa ila nyuma ni kweusi tii"

Mwanga wa flashi unadhoofika kwa kasi: umbali ukiongezeka mara mbili, unabaki robo. Mdudu yuko sentimita 10 kutoka kwenye flashi na majani ya nyuma yako mita moja. Kwa nguvu inayomtosha yeye, majani hayo yanapata sehemu ya mia ya mwanga huo. Kamera haina kosa.

Tiba ya haraka, na ninayoipenda zaidi, ni kusogeza kitu nyuma ya mdudu. Jani lililoanguka, ukilishika sentimita chache nyuma yake, linatosha kuleta rangi. La sivyo, panda ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) hadi 400 au 800, shusha kasi ya shata hadi 1/60, elekea upande wenye anga au majani yenye jua, na uache flashi imgandishe mdudu wakati mwanga wa mazingira unaijaza nyuma. Ukivuka kiasi hapa utaona kivuli cha ukungu kinachomfuata mdudu pembeni, kwa kuwa sasa mianga miwili inachora picha mbili. Pandisha kasi kidogo kikome.

Kwa nondo na baadhi ya buibui, weusi huo unapendeza. Hakuna sheria kwamba lazima uutibu.

"Mgongo unang'aa doa jeupe, rangi zimeungua"

Mbawakawa, sisimizi na nyigu wana gamba linaloakisi kila kilicho mbele yao. Lile doa jeupe ni taswira ya flashi yako. Ukitaka doa liwe laini, kifanye chanzo cha mwanga kiwe kipana kikitazamwa kutoka alipo mdudu, maana yake kiwe kikubwa au kiwe karibu, na ikiwezekana vyote viwili.

Kosa la kawaida ni kufunga kijikofia cheupe juu ya kichwa cha flashi na kudhani mwanga umelainika. Kijikofia cha sentimita 6 kilicho sentimita 25 kutoka kwa mdudu bado ni nukta. Tengeneza kilainisha mwanga kipana kama kiganja kilichokunjuliwa, kwa karatasi nyeupe nyembamba, kitambaa cheupe au plastiki ya maziwa, kikae juu ya mdomo wa lenzi na kuinamia mbele hadi sentimita chache kutoka kwa mdudu. Kisha weka karatasi ya pili kati yake na flashi, ukiacha nafasi. Tabaka moja huacha kitovu kinachowaka kuliko pembezoni. La pili hukisambaza. Kukagua, piga kijiko kinachong'aa: ukiona ndani yake doa moja kali badala ya bamba jeupe lenye kingo laini, kazi haijakwisha.

Doa likiwa limelainika lakini mdudu ana kivuli kizito tumboni, weka kipande cha karatasi nyeupe chini yake kurudisha mwanga. Baada ya yote hayo, punguza nguvu ya flashi kwa theluthi moja moja ya hatua ya mwanga. Upige RAW (faili ghafi la kihisi) pia, kwani sehemu iliyoungua kabisa kwenye JPEG hairudi.

"Flashi haiwaki" au "nusu ya picha ni nyeusi"

Ukanda mweusi upande mmoja wa picha ni kasi ya shata iliyozidi uwezo wa kuoana na flashi, ambao kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Rudi hapo. Hali ya kuoana kwa kasi kubwa ipo, lakini inakula nguvu na kuondoa ile faida ya mwako mfupi.

Isipowaka kabisa, anza na menyu: hali ya kimya, yaani shata ya kielektroniki, huzima flashi kwenye kamera nyingi. Hili huwapata watu wazima wenye akili zao kila siku, kwa sababu walinyamazisha kamera ili wasimtishe mdudu. Halafu betri, halafu kiti cha flashi: ivue, futa vikonyo kwa kitambaa kikavu, isukume hadi mwisho, kaza. Ikiwa ulifyatua mfululizo kwa muda, huenda imejizima kwa joto, iache ipoe.

Usiifungue flashi kwa hali yoyote. Kapasita yake hubeba karibu volti 300, na hubaki nazo hata betri zikiwa zimetolewa. Umeme huo unaweza kuua. Flashi inayonuka kuungua, inayovuma bila kukoma au iliyoingia maji ni ya fundi wa vifaa vya umeme. Betri ya lithiamu iliyovimba isichajiwe, isitobolewe, ipelekwe panapopokewa betri chakavu.

"Mdudu anakimbia kabla sijapiga"

Hapa tatizo limevuka kamera, na ndipo picha nyingi nzuri hupotea.

Sababu ya kawaida ni kivuli. Jua likiwa nyuma yako, kivuli chako humfikia mdudu kabla yako, na kwake kivuli ni ndege. Zunguka. Inayofuata ni mwendo wa pembeni: macho ya wadudu yana vijicho vingi, hayaoni umbo kwa undani lakini hunasa mwendo kwa wepesi wa ajabu. Nzi hutambua kupepesa kwa mwanga kunakozidi mara 200 kwa sekunde. Ukimjia moja kwa moja na polepole, unaonekana ukikua tu. Ukipunga mkono kurekebisha flashi, ameshaondoka. Rekebisha kila kitu ukiwa mbali, kisha usogee.

Pumzi nayo inasahaulika. Sisimizi na siafu wakipuliziwa pumzi huhamaki. Nyenje na mende wana vipapasio viwili mkiani vinavyohisi hata mvumo mdogo wa hewa. Geuza uso pembeni unapotoa pumzi. Mbu yeye kinyume chake: hewa ya kaboni unayoitoa ndiyo inamleta.

Wakati pia ni dawa. Joto la mwili wa mdudu hufuata mazingira, kwa hiyo alfajiri, kabla jua halijamgusa, kerengende na vipepeo huwa wazito na pengine wamefunikwa na umande. Saa nane mchana unajitafutia kazi. Vinginevyo mchague aliye na shughuli: anayekula, anayetaga, anayekamua vidukari. Na kerengende aliyeruka, usimfuate. Aina nyingi zinazopenda kutua hurudi kwenye kijiti kilekile. Elekeza lenzi hapo ungoje.

Kuna kisababishi kingine kisichojulikana sana. Flashi inayojipimia yenyewe hutoa mmuliko mdogo wa kupimia kabla ya ule mkuu, na wadudu wepesi hushtuka katikati ya hiyo miwili. Ukiona picha zako zinamnasa nzi akiwa ameshaanza kuinuka, weka flashi kwenye nguvu ya mkono. Kwa kuwa umbali hapa haubadiliki sana, nguvu ukishaipata inakutosha asubuhi nzima.

Kumweka mdudu kwenye friji ili atulie ni ushauri unaozunguka sana. Siupendi. Baridi hiyo inaweza kumdhuru au kumuua, na mtazamaji mzoefu huitambua picha hiyo kwa miguu iliyojikunja na vipapasio vilivyoanguka.

Acha kupiga na uondoke ukiona nyuki au nyigu wanaanza kukugonga usoni au kukuzunguka kwa sauti iliyopanda: umeingia eneo la mzinga. Nyuki akiuma huachia harufu inayowaita wenzake, kwa hiyo usipige makofi hewani, funika uso utembee mbali. Ukiumwa na ukaanza kuvimba midomo, kupumua kwa shida au kuhisi kizunguzungu, ni hospitali mara moja, kamera itabaki hapohapo. Usishike viwavi wenye manyoya. Mbawakawa wembamba wa rangi nyekundu na nyeusi wa jenasi ya Paederus usiwaponde juu ya ngozi. Majimaji yao hutoa malengelenge. Wapulize watoke, na ukiwa umewaponda tayari, osha kwa sabuni bila kugusa macho.

"Picha niliyounganisha ina vipapasio viwili viwili na ukungu kwenye kingo"

Vipapasio vilivyojirudia maana yake mdudu alisogea kati ya picha moja na nyingine. Programu haiwezi kukutibia hilo. Ondoa picha alizosogea, au rudi alfajiri. Mikanda ya ukungu inayopishana na mikanda mikali mwilini ni hatua za kusogeza fokasi zilizozidi urefu. Kwa 1:1 na f/5.6 eneo la wazi ni karibu milimita 0.67, hivyo hatua isizidi 0.4 au hivi, ili kila picha ilalie kidogo ile iliyotangulia. Mdudu mwenye kina cha milimita 4 anahitaji picha kumi na kitu.

Ukungu mweupe kuzunguka mwili, hasa vinyweleo vinapopita mbele ya mandhari iliyo mbali, unatokana na njia ya kuunganisha. Katika programu ya Zerene Stacker, njia ya DMap hutunza rangi lakini hukwama kwenye vinyweleo vinavyopishana. PMax huvimudu, ila huongeza chembechembe na ukali wa rangi. Katika programu ya Helicon Focus, njia C ndiyo ya vinyweleo, B ya nyuso laini. Unganisha kwa njia zote mbili, kisha ukopeshane sehemu kwa brashi.

Usijilinganishe na picha za makumbusho. Mpiga picha Levon Biss aliwapiga wadudu waliohifadhiwa wa Makumbusho ya Historia Asilia ya Chuo Kikuu cha Oxford, na kila picha yake moja imejengwa kwa maelfu ya picha ndogo. Wadudu hao walikuwa wamekufa. Wako ana miguu sita na nia ya kuitumia.

"Simu inaruka ruka, haikai kwenye mdudu"

Simu nyingi, ukikaribia, huhamia zenyewe kwenye kamera yake pana, ndiyo maana picha inaruka. iPhone 13 Pro ya mwaka 2021, kwa mfano, hutumia kamera hiyo kufikia fokasi ya sentimita 2. Tafuta kitufe cha makro ukiwashe au ukizime kwa makusudi. Ukitumia kilenzi cha kubana juu, hakikisha kimefunika kamera inayotumika kweli: funika nyingine kwa kidole, ukiona giza umekosea. Kisha funga fokasi na usogeze simu badala ya kugusa skrini.

"Kuna vidoa vilevile kwenye kila picha"

Vidoa visivyohama, vinavyozidi kuonekana unapobana tundu, ni vumbi juu ya kihisi. Hakiki kwa kupiga karatasi nyeupe ukiwa f/22 bila fokasi. Tumia kwanza usafishaji wa ndani ya kamera. Halafu vua lenzi, elekeza kamera chini, na upulize kwa kipulizio cha mpira, bila kuingiza ncha ndani. Pumzi ya mdomo ina mate, na kopo la hewa iliyobanwa hutema kimiminika baridi. Vidoa vikibaki baada ya kupuliza mara mbili au tatu na hujawahi kusafisha kihisi kwa kijiti chenye maji maalumu, mpe fundi.

Mvuke ndani ya lenzi baada ya kutoka chumba chenye baridi kwenda kwenye unyevu huondoka wenyewe. Funga kamera ndani ya mfuko tangu chumbani, uuache ufikie joto la nje ndipo uufungue. Nyuzi nyeupe zenye matawi, unazoziona ukimulika tochi kupitia lenzi, ni kuvu. Itenge na lenzi nyingine, weka pakavu pamoja na vifuko vya silika, na uipeleke mapema, maana kuvu iliyokaa huacha alama kwenye tabaka la kioo ambazo fundi hawezi kuziondoa.

Unapokwenda kwa fundi, beba kamera na lenzi pamoja, na picha za majaribio zikiwa jinsi zilivyotoka: ule ukurasa wa maandishi kwa f/5.6, ile karatasi nyeupe kwa f/22, na picha mbovu yenyewe bila kuhaririwa. Mwambie pia kama chombo kilianguka au kililoa. Kilicholoa maji ya chumvi usikiwashe kujaribu. Toa betri, na kipelekwe siku hiyohiyo.